Kilo ya Bwana Kilo

Kila ninapopita sokoni Nchelenge nikanusa mafuta ya kokwa za michikichi, ile harufu nzito kama ya karanga zilizoungua, ninamkumbuka mjinga mmoja mwenye viatu vya kung'aa. Tulimwita Bwana Kilo, na hata jina hilo ni heshima kubwa mno kwake.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazazi walikuwa wamefariki, shule nilikuwa nimeiachia gredi ya tano, na wadogo zangu wawili walinitegemea mimi. Mwape, wa mwisho, alikuwa na upele, akijikuna hadi damu. Kwa hiyo niliposikia kuna mtu amekuja kufundisha akina mama kupika sabuni ya ngozi, nilikwenda kwa ajili yake.

Karatasi ya maelezo ya Bwana Kilo ilisema kilo tano za mafuta. Soda kali, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, aliipima kwenye mizani taratibu, kidole cha mwisho kikiwa juu kama padri anayeshika hostia. Mafuta je? Alichukua bido, dumu la lita tano, akalimimina lote chunguni. Na mizani ilikuwa pale pale mbele yake.

Ninyi mliokulia ufukweni mnajua. Mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Kilwa ukiyumba ziwani, bido lililojaa maji likianguka ndilo hilo limekwenda. La mafuta linaelea, bega nje, nasi tunalifuata kwa kasia. Hata kichwani la mafuta ni jepesi zaidi. Nikasimama nikasema hayo: mafuta yale hayafiki kilo tano, soda itazidi, sabuni itachoma watu.

Alinitazama kama nzi aliyetua kwenye bakuli lake la ubwali.

"Weye mutoto, lita ni kilo. Ulifika gredi ngapi?"

"Ya tano, bwana."

"Basi hii ni ya gredi ya sita."

Akina mama wakacheka. Nikaondoka. Bwana mzima alikuwa amekariri jambo moja kuhusu maji, kwamba lita yake ni kilo, akalibandika kwa kila kinachomiminika.

Baada ya majuma manne sabuni iligawiwa. Kipande chetu nilikitupa chooni, Mwape akinililia mimi mkubwa wake, "Yaya, unanionea." Wengine sikuwaonya tena. Nilingoja, na nawaambia ukweli, nilingoja kwa raha.

Mama Chola, jirani yetu, alichubuka mikono yote miwili. Kazi yake ilikuwa kutia samaki chumvi. Nilimwona akiiingiza mikono ile kwenye chumvi, amejiuma mdomo, maana samaki walikuwa wameshafika na wangeoza. Bwana Kilo alikuwa amekwenda zake Mununga kufundisha wengine.

Siku hizi ninapika sabuni mwenyewe. Bido la lita tano, nikiyaweka mafuta yake mizanini, hunipa kilo nne na nusu na kidogo juu, na soda naipima kwa hesabu hiyo. Bwana Kilo bado namdharau, na sioni sababu ya kuacha. Lakini siku ile waliponicheka niliwadharau wote kwa pamoja, na ilinichukua miaka kukumbuka vizuri. Mmoja hakucheka. Mama Chola alisogeza kitenge chake kwenye benchi, nipate pa kukaa. Nami nilimpita.