Mtoto wa Ngoma Tatu

Dawa ya kuchua ina harufu isiyofichika. Unaingia nyumbani kwa binti yangu pale Nyasura, hata viatu hujavua, inakupanda puani, kali, kama mtu kachemsha majani ya mkaratusi na mafuta ya taa kwenye sufuria moja. Juzi niliikuta sebuleni. Katikati yake amekaa mjukuu wangu, miguu kainyoosha kwenye mkeka, mama yake anamkanda magoti. Mtoto wa darasa la tano huyo. Anacheza kikundi cha shule cha kushangilia mpira, anacheza na watoto wanaotangulia maandamano kanisani, na Jumamosi anachukuliwa na kikundi kingine cha mjini kinachokwenda kushindana mpaka Musoma. Sare za aina tatu zimetundikwa ukutani.

Nikauliza, "Anaumwa?"

Binti yangu akacheka. "Haumwi, mama. Huyu ni staa. Wanamgombania."

Nilimwambia amtoe kwenye viwili, abaki na kimoja. Akaendelea kukanda, kama mtu anayesubiri mzee amalize aondoke. Basi ambayo sikuweza kumwambia yeye nayaandika hapa, ninyi mnaosoma mtanisikiliza. Shule niliishia darasa la nne, msitegemee maneno ya kupamba.

Nilizaliwa Kiriba, upande wa ziwani, baba yangu Mjita mvuvi. Mama alitoka Butiama, Mzanaki, mtu wa jembe na ng'ombe, ambaye mpaka anazeeka hakuwahi kuparua samaki bila kujichoma vidole. Mimi nilipewa jina la Nyangeta. Nyangeta alikuwa dada yake babu, alikufa mimi sijazaliwa, na hakuna alichosifiwa nacho isipokuwa kucheza ngoma. Walikuwaga wakisema akiingia uwanjani hata wenye msiba wanasogea kuangalia.

Kwetu jina si la kumwitia mtu aje kula tu. Ukipewa jina la marehemu, watu wanakutazama wewe wamwone yeye. Mtoto akilia sana, wanauliza ni nani huyo analia ndani yake, na anataka nini. Akikonda, wanauliza hivyohivyo. Sasa mimi nilipoanza tu kusimama, nikasikia mtu anatwanga, nikatingisha mabega kwa mlio wa mchi. Shangazi yangu Nyamumwi, dada yake baba, alipiga vigelegele mpaka majirani wakaacha kazi zao. "Amerudi! Nyangeta amerudi!"

Shangazi huyo ndiye aliyeongoza kikundi cha ngoma cha pale kijijini. Alikuwa mrefu, mkavu, sauti yake inafika ziwani kabla yake. Alinifunga njuga nikiwa bado natoka makamasi. Sitasema uongo, nilipenda. Ule mlio wa vyuma kwenye vifundo vya miguu, ardhi inakujibu kila unapokanyaga, wakubwa wanakutupia vitambaa vyao begani. Nani hapendi? Nilikuwa mtoto wa tano nyumbani, hakuna aliyekuwa akiniona mpaka nifunge njuga.

Nilipoanza shule, mwalimu wa michezo akaniona naruka kamba. Shule ilikuwa na halaiki. Watoto wanapanga mnara, wavulana wakubwa chini, wadogo juu yao, na juu kabisa mmoja mwepesi anasimama ameshika bendera. Nikawa mimi. Kila alfajiri kabla ya darasa tunafanya mazoezi, na ukitikisika huko juu, fimbo inakusubiri chini.

Halafu kwa mama nako wakasikia. Wakati wa likizo tulikwenda Butiama, kitongoji cha Mwitongo, na mjomba Makuru, kaka yake mama, naye ana kikundi chake. Mjomba alikuwa mcheshi, mnene wa tumbo. Alinishika vifundo vya miguu kama mtu anayekagua ndama mnadani, akamwambia mama, "Dada, mmetuibia. Mguu mmoja huu ni wa Wajita, sikatai. Lakini huu mwingine ni wa hapa kwetu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Tangu siku hiyo mguu mmoja ukawa wa huku na mwingine wa kule, na mwenye miguu hakuulizwa.

Ikawa alfajiri mnara, jioni ngoma ya shangazi, na Ijumaa mjomba anakuja na baiskeli kunichukua, Jumapili ananirudisha. Nilikuwa nalala darasani mate yananitoka kwenye slati. Nilianza tena kukojoa kitandani, msichana mkubwa namna ile. Nyayo zilipasuka. Siku moja nilimwambia shangazi, "Nimechoka." Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa na hasira.

"Mtoto anachoka nini? Kwani umelima?"

Hakuwa mkatili, naomba mlielewe hilo. Kwake yeye uchovu ulikuwa unatoka kwenye jembe, kwenye nyavu, kwenye mtungi wa maji. Ngoma ilikuwa raha. Mtu atachokaje na raha?

Mwaka huo mavuno yalipokwisha ikatangazwa sherehe Musoma mjini. Shule zifike na halaiki zao, vijiji vifike na ngoma, kikundi kitakachoshinda kipewe dume la ng'ombe. Siku moja yote hayo. Ninyi mmekwisha kuona litakalotokea, lakini wao hawakuliona, maana kila upande ulihesabu zamu yake tu.

Asubuhi nilipanda mnara nikashika bendera. Nilipotua chini shangazi alikuwa ananisubiri na njuga mkononi. Tukacheza Wakiriba jua likiwa utosini, mpaka nikaona uwanja unakuwa mweupe. Nilipotoka, mjomba akanivutia nyuma ya lori, akanivua shuka la Kiriba akanifunga kitambaa chekundu cha watu wake. Nilimwambia mjomba njuga zimeniuma. Akasema, "Zikiuma ndiyo zinalia vizuri, mama." Akanipa soda ninywe haraka, akanisukuma uwanjani.

Sikuanguka kwa kizunguzungu. Niliona tu miguu imekaa chini, na mimi nimebaki nayo pale kwenye vumbi. Goti la kushoto lilikuwa limelia ndani kama kijiti kikavu. Watu wakadhani ni mtindo mpya wa Butiama, wakashangilia. Wanawake walipiga vigelegele, mtu akanitupia leso. Nilikuwa nimekaa naangalia damu inavyotoka chini ya njuga, inaingia kwenye vumbi, inakuwa nyeusi, na uwanja mzima unapiga makofi.

Dume likaenda kwa watu wengine kabisa.

Nyumbani ndipo ubaya wenyewe ulipoanza. Goti lilivimba, sikuweza kukanyaga. Nikisikia ngoma hata ya mbali, natapika. Leo mtoto wa namna hiyo angepelekwa hospitali. Sisi tulikaa kikao. Shangazi akasema jambo liko wazi, marehemu Nyangeta amekasirika. Alichezeshwa kwa wageni, amefungwa kitambaa cha watu asiowajua, sasa ameikamata miguu yake mwenyewe. Dawa yake ni moja, achezewe tena nyumbani mpaka aridhike.

Basi jioni walinibeba mpaka pale alipozikwa Nyangeta, pembeni ya shamba la muhogo. Wakanifunga njuga juu ya vidonda. Wanawake wawili wakanishika kwapani, wakaninyanyua, ngoma ikapigwa. Nililia, na wao wakafurahi, maana walimsikia Nyangeta analia. Kesho yake tena. Na kesho yake. Mama alisimama mbali, kashika ungo wake wa udaga, ule muhogo mkavu. Nilimwita, akageuza uso. Nilimchukia sana kwa kugeuza uso ule.

Hii ilikwenda mpaka asubuhi moja mama alipoacha mboga jikoni, akajifunga khanga vizuri, akaenda kwa babu, yaani baba mkwe wake. Kwa kawaida mkwe wa kike hasogei pale. Alipiga magoti mbali, ubavu ubavu, uso kautazamisha kwenye zizi. Mimi nilikuwa juani kwenye ngozi, nasikia yote. Shangazi naye alikuwepo, anachambua dagaa.

"Baba," mama akasema, "nimeota."

"Umeota nini, mke wa mwanangu?"

"Nimemwona mama mmoja mnene, amekaa mlangoni. Anasema huyu mtoto ni yeye. Anasema mmempa jina la mtu mwingine, ndiyo sababu miguu inamkataa."

Babu akaweka kiko chini. "Amejitaja?"

"Amesema ni Nyafuru."

Shangazi akaangua kicheko, dagaa zikamwagika. "Nyafuru! Yule aliyekuwa hainuki? Yule ambaye kuku walikuwaga wanatagia mapajani mwake? Wifi, hiyo ndoto umekula nini usiku?"

"Nyamumwi," babu akasema taratibu, "huyo unayemcheka ndiye aliyenizaa mimi."

Shangazi akainama, akaanza kuokota dagaa mmojammoja.

Siku hiyohiyo babu alichanganya maji na unga wa ulezi, akanipulizia kifuani, akaita, "Nyafuru." Njuga zikafunguliwa. Mwenye jina la Nyafuru halazimishwi kusimama, kwa sababu Nyafuru mwenyewe hakusimama. Mjomba alipokuja na baiskeli yake aliambiwa Nyangeta hayupo tena hapa. Mwalimu akatafuta mwepesi mwingine. Nililala. Nakumbuka nililala kama gunia, naamka naletewa uji, nalala tena, na hakuna aliyeuliza ni nani amelala ndani yangu.

Lakini mtoto ni mjinga. Nilipopata nafuu, watoto wenzangu walinisubiri njiani, "Nyafuru, leo kuku ametaga mangapi?" Na kikundi cha shangazi kikipita na vitambaa vyao, hakuna aliyegeuka kuniangalia. Nikamwambia mama, "Wewe na ndoto yako mmeniharibia." Akaniambia nikachote maji. Hata siku nilipoolewa sikucheza. Niliketi tu, na goti hili halikunjuki vizuri hadi leo.

Mwaka uliofuata mama alijifungua mtoto wa kiume, mweupe, wa kucheka hovyo. Homa ilimwanza asubuhi, hakuifikia jioni ya pili. Pale tulipomzika, shangazi alisema bila kupunguza sauti, "Nyangeta amekuja kuchukua chake." Wote walisikia. Nilimwangalia mama nikidhani atamrukia. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo tayari analijua. Baada ya hapo hakuzaa tena. Na mahali alipozikwa Nyangeta hakuwahi kupapita, alikuwa anazungukia mbali, na mzigo kichwani, mvua au jua.

Nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima, nanyonyesha mtoto wangu wa pili. Alikuwa amekuja kuniuguza. Nilimuuliza hivihivi tu, "Mama, yule Nyafuru uliyemwota, alikuwa na sura gani? Alifanana na mimi?"

Alikuwa anakoroga uji. "Ndoto gani?" akasema.

Nikamkumbusha. Akaendelea kukoroga, hakuniangalia. "Mnyanyue mtoto kichwa," akasema, "atapaliwa."

Basi ikaishia hapo. Alikufa hatujaizungumza tena.

Sasa ninyi mtasema mama yangu alikuwa mjanja, aliwashinda wazee kwa akili. Siyo hivyo. Mjanja ni mtu asiyeamini. Mama yangu aliamini kila kitu walichoamini wao, tena zaidi yao. Alijua, kama ninavyojua mimi kwamba moto unaunguza, kwamba ukimsingizia marehemu maneno hakuachi. Alipopiga magoti pale na kulitazama zizi, hakuwa anafikiri kama marehemu watakuja. Alikuwa anafikiri watakuja kwa nani. Na alipomzika yule mtoto aliona ndio wamefika, na hakuwa na mtu wa kumlilia, kwa maana angelia angesema kwamba hakuota.

Mimi miaka yote nilihesabu nilichonyang'anywa, ngoma, vitambaa, jina zuri. Aliyepitia mbali na shamba lile la muhogo maisha yake yote sikumhesabu.