Mayungiyungi ya Kaburi la Baba

Baba alituachia mashamba, ng'ombe, wajane wawili na ugomvi wa ua. Mashamba tuligawana kwa amani. Ua ndilo lililonitoa jasho.

Mama yangu, mke mkubwa, aliletewa yungiyungi jeupe la mlimani siku baba alipokuja kumposa. Miaka mingi baadaye mama mdogo naye akaletewa lake, na tangu hapo uwanja wetu haukutulia. Mama aliamini kwamba baba alichukua ua lake akampa mwingine. Mama mdogo aliapa kuwa lake ni jingine kabisa, jeupe pe, linalosimama wima. La mama lina mstari wa waridi mgongoni mwa kila petali, na huinama kama mtu aliyekaripiwa. Mama alijibu kuwa huko ni kupauka tu, ua likipigwa jua hupoteza mstari. Haya nimeyasikia tangu sijaota meno, na yalinichosha.

Basi tulipokubaliana kumjengea baba kaburi la saruji, kila mmoja akataka ua lake lipandwe pembeni. Sasa niambie, ni watu gani hujenga makaburi kiangazi? Ni sisi. Tunangoja mahindi yaingie ghalani, ndugu wapate nafasi, barabara ikauke. Na kiangazi yungiyungi halina ua wala jani. Kinachobaki ni kitunguu chake ardhini, na vitunguu hivyo vyote ni pacha. Nilisafiri kutoka Mbalizi mpaka kijijini kwetu Iringa, nikakwea mlima na jembe huku mama zangu wawili wakinielekeza kwa nyuma. Mama akasema nichimbe hapa. Mama mdogo akasema pale, karibu na jiwe. Niliwauliza wamejuaje, na majani yamekauka yote. Kila mmoja akanyoosha tena kidole pale pale pake. Nikachimba kote kuwili mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikapanda la mmoja kichwani mwa kaburi na la mwingine miguuni, nikaapa sitashika tena jembe kwa ajili ya mapenzi ya marehemu.

Mvua zilipokolea, mama mdogo akanipigia simu. Maua yamechanua, akasema, na mama yako hataki kuondoka pale kaburini. Nikaomba ruhusa kazini, nikanung'unika njia nzima.

Nilimkuta mama amechuchumaa kando ya saruji. Kichwani mwa kaburi ua lilikuwa limeinama na mstari wake. Miguuni lilisimama jingine, jeupe pe, limefunguka asubuhi ileile, halijapigwa jua hata kidogo. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya kuwapa wote wawili. Mama alitazama hili, akatazama lile, akarudia tena. Mama mdogo alisimama nyuma yake.

"Kumbe langu hakumpa mtu," mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikamwona analia.