Modeli yangu ilisema Baba hajifunzi tena

Wakuu, salamu kwenu wote. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nami nina yangu. Ni ya kweli, na mhusika mkuu amenipa ruhusa, ingawa kwanza alitaka kujua kama humu kuna wateja.

Mhusika ni Baba yangu, fundi cherehani pale Bungoma, karibu na msikiti. Mimi niko Kitale, nasomea masters ya saikolojia.

Utafiti wangu ni wa modeli za kompyuta. Kwa lugha nyepesi: mtu anacheza mchezo mdogo kwenye tableti, halafu unaandika hesabu inayojaribu kuchagua kama yeye. Hesabu ikifaulu kumuiga, inakuonyesha kama anajifunza haraka au polepole.

Mchezo wangu una mitungi miwili, wa bluu na mweusi. Mmoja hutoa maziwa mara nyingi, mwingine mara chache. Inabadilishana pande kila mara, kwa hivyo lazima ufuate rangi. Wengi wanaugundua mtungi mzuri upesi tu.

Kabla ya kuwapelekea watu wa Kiminini, ninakofanyia utafiti, niliujaribu nyumbani. Baba akacheza huku akinicheka, ati nimesoma miaka yote hiyo nikaishia kukamua tableti.

Nikarudi Kitale, nikaingiza data.

Modeli ikasema Baba hajifunzi. Kiwango chake kilikuwa karibu na sifuri. Maziwa yaje, yasije, yeye anachagua vilevile bila mpango.

Nilikagua programu yote nikitafuta kosa langu. Wakuu, sijawahi kutamani kuwa mjinga kama siku hiyo.

Kwa sababu dalili zilikuwepo. Mama alishalalamika kwa simu kwamba mzee siku hizi anasahau. Anapita majirani bila salamu. Sare za shule za bluu alizishona kwa uzi mweusi, mteja akazirudisha. Baba huyu huyu, aliyekuwa akinifumulia sketi nzima pindo likipinda kidogo tu!

Ugonjwa wa kusahau nimeusoma, najua unavyoanza. Nililia, sitaficha. Niliogopa siku atakayoniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Jumamosi nikashuka Bungoma kumshawishi twende hospitali. Nikamkuta kwenye cherehani. Nilipotoa salamu ndipo akatabasamu.

"Aa, ni wewe mama! Karibu." Ameniita mama tangu utotoni, nimepewa jina la mama yake.

Nikaanza kwa mbali. "Baba, unakumbuka ule mchezo wangu?"

"Wa maziwa? Si ulikuja na mvua, ukamaliza chai yangu yote? Mama yako akasema hiyo ni kazi ya watoto."

Yote yalikuwa kweli. Nikachanganyikiwa kabisa.

"Sasa mbona hukufuata mtungi mzuri?"

Akasimamisha mguu kwenye pedali. "Mzuri gani, bana? Si ulichora mtungi mmoja mara mbili? Mimi nikafikiria hiyo ndio mtihani, nikakuwa nabonyeza tu."

Nikachukua nyuzi mbili mezani, wa bluu na mweusi, nikamwekea kiganjani. "Hizi ni rangi gani?"

Akazipapasa.

"Mama," akasema polepole, "usiambie mama yako. Watu wakijua fundi haoni, nani ataniletea kitambaa?"

Hospitali wakathibitisha: mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Nadhani mimi ndiye mtu pekee Bungoma nzima aliyewahi kumshukuru Mungu kwa mtoto wa jicho. Halafu nikaona aibu, maana alikuwa ameibeba hofu hiyo peke yake, na sisi tukimlaumu kwa kusahau.

Upasuaji wa jicho la kwanza ulifanyika huku Kitale. Kesho yake nesi akaondoa bandeji. Baba akaangalia ukuta, akaangalia dirisha, halafu akaniangalia mimi kwa muda mrefu. Mtandio wangu ulikuwa umeteleza nyuma.

"Mama. Hizo mvi umetoa wapi?"

"Ni masters, Baba."

Akanishika kichwa, akaanza kulia. Tukalia wote, nesi akatuacha.

Nilichojifunza: modeli haikudanganya. Ilijua Baba hafuati rangi kabla yetu sisi tunaokula naye. Lakini sababu haikuijua, nami nikaijaza kwa woga wangu. Kilichohitajika ni kuuliza tu, mtu na baba yake. Siku hizi kabla ya mchezo namwuliza kila mtu anaona nini.

Na ninyi, mmewahi kugundua kitu ambacho mzazi aliwaficha? Mlijuaje? Andikeni, nitasoma yote.

Nikichelewa kujibu, niko mbele ya kioo napaka mvi hina. Mzee amesema anakuja Jumapili kuniangalia vizuri.