Usingizi wa Mchana

Florian Ndunguru alilinda ghala la kahawa mjini Mbinga usiku. Asubuhi bodaboda ilimshusha kwake Mkumbi, akanywa uji akiwa amesimama, akachukua mundu na kupanda shambani, juu kidogo ya nyumba. Ulikuwa msimu wa ngoro, mashimo ya kulimia mlimani. Kwa Wamatengo, mwanamume ndiye anayefyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke hufuata na jembe, akizifukia na kuacha shimo katikati ya kila mraba. Florian asipolaza nyasi, mkewe Bonifasia hana pa kuanzia.

Tangu alipoambiwa ana presha na anahitaji mazoezi, alifyeka kwa bidii zaidi. Lakini moyo ulianza kumwenda mbio hata akiwa amekaa, na asubuhi moja alikaa juu ya nyasi akashindwa kuinuka. Bonifasia alimkokota hadi zahanati.

Nesi Avelina alimpima, akapima tena.

"Shikamoo, baba. Unalala saa ngapi?"

"Marahaba. Nikipata nafasi."

"Anasinzia kanisani," alisema Bonifasia. "Padri keshamzoea."

Avelina hakucheka. "Mwili una saa yake, baba. Mtu akilala, presha inashuka na moyo unapumua. Wako unakesha ghalani, kisha wewe unaupandisha mlima. Mazoezi ni mazuri, ila hayawezi kushika nafasi ya usingizi. Ukitoka kazini, lala kwanza."

"Mwanangu, kule kwetu anayelala jua limewaka ni mgonjwa au mlevi."

"Basi wewe ni mgonjwa."

Kesho yake Bonifasia alitundika blanketi dirishani, akachukua mundu mwenyewe. Mistari yake ilipinda. Jirani yao Ottilia alisimama njiani na jembe begani, akaitazama mistari ile.

"Shemeji yuko wapi? Siku hizi nyasi zinalazwa na wanawake?"

"Zinalazwa na aliye macho."

"Watu watasema umemkalia mumeo."

"Waseme wakishika mundu."

Ndani, Florian alisikia yote. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akatafuta viatu kwa miguu gizani. Moyo ukaanza tena zile mbio zake. Akauwekea kiganja, akasubiri utulie. Nje mundu ulikuwa ukikata vibaya, kwa mkono usiozoea, na kila pigo lilimuuma. Aliviacha viatu palepale, akajilaza, akageukia ukutani.