Neno Ambalo Bibi Hakulipenda

Juzi mwanangu alikwama kwenye zoezi lake la Kiingereza. Vitenzi, vivumishi na vielezi vyote vilikuwa vimemchanganya. Nikainuka kwenye kochi, nikaanza kutembea taratibu kutoka mlangoni hadi dirishani. Akanitazama kwa mashaka. “Mama, uko sawa?”

Usinicheke, ndugu yangu. Kule kwetu milimani, Mgeta, tulifundishwa hivyo hivyo. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitutoa nje kwenye ukungu, akasema “walk”, tukatembea. Akasema “slowly”, tukatembea kizee. Akasema “loudly”, tukapiga miguu chini mpaka matope yakaruka. Akisema “slow” peke yake, hakuna kusogea. Hilo ni la kumweleza mtu alivyo, si anavyotembea.

Basi, akina mama waliokuwa wakiteremsha kabichi hadi kwenye lori kule chini wakamfikishia habari bibi yangu, aliyekuwa akinilea. Eti watoto wanajikokota, mara wanakurupuka, na mwalimu kasimama tu anawatazama. Bibi akaacha kumenya njegere. “Huyo mwalimu ana lake jambo,” akasema. Ama anawafanyia dawa, ama anawazoeza kubeba mizigo yake. Akaapa kwamba akikuta upuuzi, shule basi, nahamia shambani moja kwa moja. Nililia, jamani. Shule niliipenda kuliko kula.

Kesho yake akatokea na tenga lake kichwani.

“Shikamoo, bibi,” mwalimu akamwamkia.

“Marahaba. Watoto wanaumwa nini?”

Mwalimu akaeleza: “walk” ndiyo kazi yenyewe, “slowly” linasema kazi ifanywe vipi. Bibi akamkazia macho.

“Yaani lenyewe halifanyi kazi, linasimamia wenzake? Kama nyapara?”

“Ndiyo, bibi.”

“Mimi silipendi.”

Lakini akageuka, akaniacha shuleni. Kwa muda mrefu, kila nikienda kuteka maji, alinichungulia mlangoni kuona kama natembea sawasawa.

Miaka ikaenda. Siku namteremsha kwenda hospitali, ule mteremko ukamshinda. Akanishika mkono, akanong’ona, “Slowly.” Sikuwahi kumsikia akitamka Kiingereza. Hakupanda tena mlima ule. Siku hizi lori linafika mpaka juu, na njia yetu imeota majani.

“Niko sawa,” nikamjibu mwanangu. Ila nilipojitazama, mkono wangu ulikuwa umekunjwa pembeni, kana kwamba kuna mtu ameushika.