Bundi Juu ya Hoteli

Juzi hapa kambini Kakuma, bundi alitua mchana kweupe juu ya hoteli ya mama mmoja kutoka Sudan Kusini. Jirani yake alikuwa ameamka mgonjwa, basi wateja wakaunganisha hayo mawili na kuanza kuondoka, chai ikibaki vikombeni.

“Mama, funga. Huyo analeta kifo,” alisema mzee mmoja, mandazi mkononi.

Mama akapiga meza kwa mwiko. “Sifungi! Bundi anakula panya, ile inamaliza unga yangu. Wewe unakula mandazi yangu, halafu unafukuza watu. Nani mkosi hapa?”

Mimi niliyetoka kusali nilikuwa nimeshasogeza kiti mlangoni, tayari kutoroka. Nikakirudisha. Bwana alituambia tuwatazame ndege wa angani, na sikumbuki akisema, “isipokuwa bundi.”