Misalaba Iliyotazama Ndani

Misheni ya kilimani, juu ya Ihanda, ilibaki gofu baada ya wenyewe Wajerumani kuondolewa wakati wa vita. Serikali iliisahau. Sisi hatukuisahau. Matofali yake yalichomwa yakaiva, na kila moja lilikuwa na chapa ya msalaba ubavuni. Nilichukua elfu mbili mia nne na kumi na mbili. Nilihesabu mara mbili, maana jirani aliyenisaidia kubeba naye alikuwa anajenga.

Nilipojenga nyumba yangu, kila msalaba niliugeuza utazame ndani. Kwetu mgeni hupokewa uani; nyumba anayolala mtu na mkewe haiingiwi hivi hivi. Nikajiona mjanja. Baadaye nikapatana na mzee mmoja wa Nanyala: nyumba kwa ng'ombe wawili na mbuzi sita, kisha mimi na mke wangu tuvuke mpaka wa nchi, twende migodini, alikokuwa kaka yangu.

Siku mzee huyo alipokuwa njiani na mifugo yake, Bwana Shauri, yaani Mwingereza aliyetawala wilaya, alinyeshewa mlangoni kwangu. Desturi hakuijua. Aliingia moja kwa moja, akavua kofia, akautazama ukuta.

Hakufoka. Alisimulia kwamba kijijini kwao Uingereza liko gofu la nyumba ya watawa. Mfalme aliwafukuza, wanakijiji wakabeba mawe. Hadi leo banda la nguruwe la bibi yake lina kichwa cha malaika ukutani. Nikamwambia bibi yake na mimi tungeelewana. Akacheka. Nikadhani nimepona.

"Siku hizi kwetu hata kokoto ya gofu haiondolewi," akasema. "Kwa hiyo nyumba hii nayo ni gofu. Haiuzwi. Ukikaa, wewe ni mlinzi wake. Ukiondoka, wewe ni mwizi."

Nikaahidi kurudisha nusu. Nikapandisha ahadi mpaka matofali yote.

"Yakae yalipo," akasema. "Nawe."

Mzee wa Nanyala alifika mvua ilipokatika, akala viazi vyetu, akarudi na ng'ombe wake wote wawili na mbuzi wote sita. Mke wangu alianza kufungua mizigo bila kuniuliza. Alipofikia sufuria ya mwisho ndipo akasema.

"Misalaba ungeigeuza nje, mume wangu, wangetunyang'anya nyumba zamani. Saa hizi tungekuwa kwa shemeji."